Samaki Wako Kumi na Mmoja

Baba,

Shikamoo. Samaki wako nimewaua. Wote kumi na mmoja, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kijiko cha jikoni. Nakuambia mwanzoni kabisa kwa sababu Bibi Anaeli, jirani yetu, amekuja huko mwezi uliopita, na unamjua, mdomo wake haungoji mtu akae kitako. Sikutaka uyasikie kwake.

Sikuandikii ili unionee huruma. Nimelia nikamaliza, Mama ni shahidi. Nakuandikia kwa kuwa yamepita mengi hapa nyumbani tangu tukuzike, na wewe ndiye mtu pekee ambaye ningemweleza habari za maji saa nzima asipige miayo.

Unakumbuka siku ulipolileta lile sanduku la kioo? Lilitoka Arusha mjini, kwa Fundi Surjit, yule Singasinga mwenye karakana ya vyuma nyuma ya soko. Lilikuwa limefungwa kwa majani makavu ya migomba, nawe umekaa nyuma ya lori ukilikumbatia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Vioo vitano, fremu ya chuma, lami kwenye pembe zote. Ukatia mchanga na kokoto, ukaleta majani ya majini kutoka Ziwa Duluti, yale marefu membamba na yale ya mviringo yanayoelea, ukamimina maji. Kisha ukakaa. Watu wakaja kutazama samaki, samaki hakuna. Msimu mzima wa kahawa, tangu maua mpaka kuchuma, samaki hakuna. Wakasema Mwalimu anafuga majani. Kaka yako, Baba Mkubwa, ndiye aliyecheka kuliko wote; kila akipanda huku kutoka Kikatiti alikuwa akiuliza kama majani yako yameanza kutaga.

Hukumjibu yeye. Ulinijibu mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nikiona aibu. "Damari, samaki hafugwi. Yanafugwa maji. Maji yakiwa mazima, samaki watajifuga wenyewe."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa nina ishirini na mitatu, nafundisha darasa la pili katika chumba kile kile chako, chini ya picha ile ile ya Malkia, na ndiyo kwanza nimeelewa ulichosema. Imenichukua muda, najua. Hata wewe hukuwa mwepesi wa kueleza.

Na ile ndoo yako ya mbao. Ilining'inia kwenye msumari wake nyuma ya mlango, na ole wake aliyeigusa. Mama aliwahi kuoshea mboga humo, ukasusa chakula cha jioni. Tulisema ni ukaidi wa mwalimu. Hukutuambia sababu, Baba. Hilo nakulaumu, na nitaendelea kukulaumu hata kama umekufa.

Ulipozidiwa ulisema mbele ya watu kwamba sanduku ni la Damari. Ulirudia mara mbili, sauti ikiwa imekwisha. Nilikusikia, Mama alikusikia, na Baba Mkubwa alikusikia. Lakini siku ya kumaliza matanga, walipokuwa wakigawana nguo zako na panga na koti la mvua, alisimama. Ni mzee wa kanisa, anajua kupanga maneno. Akasema hakuna anayepinga neno la marehemu, Mungu apishe mbali. Ila marehemu alikuwa akisema habari za samaki, maana mtoto wa kike huachiwa cha kumliwaza, haachiwi mali. Vioo na chuma ni mali ya ukoo. "Samaki wakiwa hai, sanduku likae hapa," akasema. "Samaki wakifa, vioo vinarudi." Ukoo ungetazama siku ya kujengea kaburi lako, watu watakapokutana tena.

Kila aliyekuwa pale alijua kwamba anajenga nyumba ya matofali kule Kikatiti kando ya barabara, na kwamba madirisha yake bado ni matundu matupu. Hakuna aliyesema. Na ndoo yako akaichukua siku hiyo hiyo, ya kunyweshea ndama. Nami nikanyamaza. Niliona ni ndoo tu.

Sasa nikueleze kosa lenyewe.

Wakati wa matanga wanaume walilisogeza sanduku mpaka dirishani ili mabenchi yaenee. Watu walipoondoka hakuna aliyelirudisha, hata mimi. Jua la asubuhi likawa linalipiga kila siku. Wiki chache baadaye nyuzi za kijani zilikuwa zimeyavaa majani yako yote, na utando umefunika vioo hata samaki ukawaona kama vivuli. Dawa yake ilikuwa kulisogeza mahali pake. Ni hiyo tu! Lakini mimi nilishamwona Baba Mkubwa akilini mwangu, ameinama mbele ya kioo cha kijani mbele ya ukoo mzima, akisema mnaona, mtoto ameshindwa.

Nikakumbuka kwamba uliwahi kumtibu samaki mwenye ukungu mweupe kwa mrututu. Nilikumbuka dawa, nikasahau namna. Nilisahau kwamba yule samaki ulimtoa ukamweka peke yake bakulini, na kwamba mrututu wenyewe ulikuwa chembe moja kama punje ya ulezi. Sisi tuliokulia kwenye kahawa tumeona mrututu ukipimwa kwa kopo tangu utoto. Tunayatwanga yale mawe ya buluu, tunachanganya na chokaa, tunajaza bomba, tunanyunyiza mpaka nguo zinageuka rangi. Bwana Shamba hupita akituambia tusiupunje, kahawa itaugua. Kwa hiyo nilipochota kijiko kimoja cha chai kwa sanduku zima, niliona nimekuwa mwangalifu kweli kweli.

Maji yalipendeza, Baba. Yaligeuka rangi ya anga ya Meru baada ya mvua. Nilikaa nikayatazama nikifurahi.

Konokono ndio walioanza. Waliachia kioo mmoja mmoja, wakaanguka chini na kulala chali. Kisha samaki wakapanda juu, midomo wazi, wanavuta hewa. Nilikimbia kuleta maji mapya, nikatoa, nikatia, nikatoa, nikatia, na kadiri nilivyohangaika ndivyo walivyolala ubavu. Yule mwenye mkia uliochanika, uliyemwita Karani kwa sababu ya kupenda kuzunguka zunguka bila kazi, ndiye aliyekuwa wa mwisho. Majani yakafuata kwa siku tatu. Yalilegea yakawa mlenda, nikiyashika yanabaki mkononi.

Niliwazika samaki kando ya mgomba ule unaoupenda. Mama alisimama mlangoni. Hakunisema. Angenisema ingekuwa afadhali.

Habari mbaya haihitaji basi. Kabla wiki haijaisha Baba Mkubwa alikuwa amefika, na mfukoni ana uzi wenye mafundo, kila fundo dirisha lake. Akanipa pole kwanza, tena pole ya kweli, usinifanye nimseme vibaya kuliko anavyostahili. Halafu akautoa uzi akaanza kupima kioo cha mbele. Nikaushika uzi ule kwa upande wa pili. Tulisimama hivyo, mtu mzima na mwana wa ndugu yake, tunavutana uzi kama watoto.

Nilimwambia siku ya kaburi haijafika. Akasema samaki wamekufa leo, siku ya kaburi watafufuka? Nikasema sanduku litakuwa zima siku hiyo. Akatikisa kichwa akaniambia, "Binti yangu, maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya hayajamwagika, Baba Mkubwa," nikamwambia. "Nayamwaga mimi leo, na nitazoa mengine."

Akacheka. Lakini uzi aliurudisha mfukoni.

Nikayamwaga. Niliyapeleka kwenye shimo mbali na mfereji, debe kwa debe, ili nisitie sumu na maji ya watu. Nikasugua vioo, nikajaza maji ya chemchemi. Sikuwa na njia ya kujua kama sumu imekwisha, ila niliwaza hivi: waliotangulia kufa ndio watakaoniambia. Nikaokota konokono watatu mferejini, nikawatia. Asubuhi walikuwa chali.

Jumamosi nikapanda basi kwenda mjini kwa Fundi Surjit. Amezeeka, ndevu zote nyeupe sasa, lakini nilipotaja jina lako alizima moto wake akanitolea kigoda. Nilimwambia yote, hata habari ya kijiko. Aliuliza swali moja tu: chuma cha fremu kwa ndani kina rangi gani? Nikakumbuka kwamba kilikuwa chekundu, rangi ya senti kumi mpya, nami nikadhani ni kutu. Akasema siyo kutu, ni shaba. Mrututu una shaba ndani yake, na shaba hupenda kukaa juu ya chuma. Akachukua msumari, akausugua mpaka ukang'aa, akanikabidhi. Niuzamishe majini usiku kucha. Ukitoka mwekundu, maji bado. Tena akaniambia mchanga na kokoto nivitupe vyote, vimeshakunywa, vitaendelea kutema. Alikataa senti nilizotaka kumwachia za msumari wake. Akasema ulikuwa mteja wa ajabu, ndiye pekee aliyewahi kumwagiza fremu kisha akaja kumshukuru mara mbili.

Nikatupa kokoto zako, Baba. Zile ulizookota moja moja na kuziosha. Nilizitupa shimoni na moyo uliniuma kuliko nilipowazika samaki, sijui kwa nini. Nikasugua chuma kwa mchanga, nikaleta changarawe mpya kutoka juu mtoni, nikafunga makaa kwenye kitambaa nikayazamisha yanywe yatakayobaki. Nikajaza maji. Msumari ukatoka mweupe. Nikatia konokono.

Siku ya kwanza walitembea. Siku ya pili walikuwa chali.

Siku hiyo nilikutukana. Sikuficha. Nilisimama mbele ya sanduku tupu nikakuambia kwamba umeniachia vita usivyonifundisha kupigana, kwamba ungemwachia mtoto wa kiume kungekuwa kimya, na kwamba nimechoka. Nikalibeba debe nikalitupa nje uani, likaviringika likalala juani. Mama alikuwa akianika maharage. Akalitazama debe, akanitazama mimi, akasema taratibu nisimharibie debe lake, msimu wa kunyunyizia kahawa umekaribia.

Nikalifuata lile debe. Nikapiga magoti nikatazama ndani. Jua lilikuwa limelikausha, na kwenye mshono wa chini, pale bati linapokunjwa, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu.

Debe lile, Baba. Siku zote nilikuwa nikichota maji ya kukuponyea sanduku kwa debe tunalochanganyia mrututu. Tumelisugua kwa mchanga miaka yote, tumelibebea maji ya mifugo, ng'ombe hawasemi, nasi tukaamini ni safi. Kila nilipojaza maji mazima nilikuwa nikiyatia sumu njiani, kidogo mno kuonekana kwenye msumari wa Fundi, ila ya kutosha kumwua konokono. Na hapo ndipo nikaingia ndani kutazama nyuma ya mlango. Ule msumari uliokuwa na ndoo yako ulikuwa mtupu.

Kumbe. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Kwenye nyumba ya kahawa mtu anayefuga maji anahitaji chombo kimoja ambacho mrututu haujawahi kukigusa. Ungesema tu. Neno moja tu.

Nikashuka Kikatiti siku hiyo hiyo. Baba Mkubwa alikuwa kibarazani. Nilimwamkia vizuri, nikauliza hali, nikanywa chai, ili asiseme sikulelewa. Kisha nikaomba ndoo. Akasema ndoo iligawiwa halali. Nikasema naam, ila yeye mwenyewe alihukumu kwamba samaki ni wangu, na ndoo ile ni ya samaki, haikuwahi kuwa na kazi nyingine. Kama hukumu yake ni hukumu, basi inakata pande zote mbili. Akasukuma kikombe chake pembeni. Kabla hajajibu, Mama Mkubwa alitoka zizini na ndoo mkononi, ameshaimwaga. Akanipa bila kumtazama mumewe. Akasema ndama wameshakua, wanaweza kunywa kwenye beseni.

Niliisugua kwa mchanga na maji ya moto, nikaianika, nikaisugua tena. Nikamwaga yaliyokuwamo, nikabadili makaa, nikajaza upya kwa ndoo yako, safari baada ya safari kutoka chemchemi. Sanduku nililirudisha ukutani mahali pake, mimi na Mama, tukihema. Nikatia konokono watatu.

Siku ya pili walikuwa kwenye kioo. Siku ya tano. Siku ya kumi. Nilikuwa naamka nakwenda kuwatazama kabla sijanawa uso. Mama akaanza kuuliza, kama mtu asiyejali, kama "wale wazee" wamelalaje.

Ndipo nikaenda Duluti kwa ajili ya majani. Niliingia majini mpaka magotini na sketi nimeikunja, na wanawake waliokuwa wakifua wakasema mwalimu wa kike amepatwa na kichaa cha baba yake. Nikawaambia ndiyo, nimekirithi. Majani yale yalinitisha, kwa kuwa wiki ya kwanza yalioza nusu. Nikataka kubadili maji yote, nikataka kutia hiki, kutoa kile. Nikajifunga mikono. Nilikaa juu yake, Baba, nilikaa kabisa juu ya mikono yangu. Wiki ya tatu likatokea jani jipya, dogo kama kucha, la kijani kinachong'aa.

Siku ya kaburi lako ikafika, samaki sikuwa nao.

Ningeweza kuwatia. Niliwaona Duluti, wadogo wasiozidi kidole, wangejaa kwenye ndoo kwa mchoto mmoja. Ningewatia jioni, ukoo ungewaona asubuhi, Baba Mkubwa angekosa neno. Lakini maji yalikuwa bado machanga, na mimi nilishaua mara moja kwa ajili ya macho ya watu. Sikukubali kuua mara ya pili.

Walimaliza kazi ya saruji, wakaomba, wakaimba, wakaingia ndani kula. Baba Mkubwa akainama mbele ya kioo. Alitazama kwa muda mrefu, hakuna aliyetafuna. Akasema anaona majani.

Nikasimama nikawaambia wazi kwamba samaki hawamo, kwamba niliwaua mimi, kwamba ningeweza kuwadanganya kwa samaki wa jana na sikutaka. Nikasema maji haya yatakuwa tayari yatakapokuwa tayari. Wala sikukaa. Baba Mkubwa akanyoosha mkono akashika pembe ya fremu, kwa upole kabisa, kama mtu anayeshika kilicho chake. Akasema hukumu ilikuwa hukumu.

Mama alikuwa akigawa nyama. Unajua jinsi alivyolichukia sanduku hili, alivyoliita nyumba ya mbu. Aliweka sinia chini.

"Shemeji," akasema, "mume wangu alilikalisha sanduku hili msimu mzima bila samaki. Ulikuwa ukija hapa kumcheka. Mbona wakati ule hukuja kuchukua vioo?"

Kisha mjomba mmoja nyuma akaanza kucheka, na mwingine, wakakumbuka majani yaliyokuwa yakitegemewa kutaga. Na mimi nikaita wote waje karibu, nikawaonyesha kwenye kona ya juu ya kioo. Palikuwa na tone la ute, safi, na ndani yake vidoa vidogo visivyohesabika. Konokono walikuwa wametaga.

Baba Mkubwa aliutazama ule ute. Akaiachia fremu. Akasema chakula kinapoa. Madirisha yake ameyaziba kwa mbao, na nasikia nyumba haipitishi vumbi la barabara hata kidogo, kwa hiyo sote tumepata faida.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa nakuaga, chai ya Mama inaniita. Mrututu umehamia stoo ya nje. Ndoo iko nyuma ya mlango kwenye msumari wake, na nimeichoma herufi zangu kwa chuma cha moto, chini ya zako. Darasa la pili wote wanajua kwa nini haiguswi, kwa sababu mimi nimewaambia. Nakuahidi hivi: vitoto vya konokono vikikua vikafikia ukubwa wa punje ya hindi, nitakwenda Duluti na kurudi na samaki, siyo siku moja kabla, aje ukoo, aje Bwana Mkaguzi wa shule, aje nani.

Lala salama, Baba. Wale kumi na mmoja walikuwa wako, na mzigo wao nitaubeba. Hawa watakaokuja ni wangu.

Mwanao,
Damari